Turubai la Mgonjwa

Msiba ukitokea Kirua Vunjo, hakuna anayeuliza nani afanye nini. Kabla jua halijazama, vijana wameshalifunga turubai kwenye nguzo pembeni ya migomba, viti vya plastiki vimeshushwa kutoka kwenye pikapu, sufuria kubwa za jumuiya zimefika, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka amewekewa meza na daftari la rambirambi. Jina, kiasi, jina, kiasi. Daftari hilo halitupwi. Miaka mingi baadaye, msiba ukihamia kwa mmoja wa walioandikwa humo, litafunguliwa ili familia ijue huyo aliwafaa vipi siku yao.

Mgonjwa anayehitaji kupasuliwa hana turubai. Hana meza wala mwandishi. Taarifa zake hutembea kwa kunong'onezwa: daktari amesema kiasi fulani, ndugu wametoa walichonacho, mbuzi ameuzwa, bado pungufu. Hata lugha imechagua upande. Vikundi vya kufa na kuzikana vimejaa kila kijiji. Kikundi cha kuugua na kuuguzana mtu anaweza kukitafuta mwaka mzima asikione.

Lakini si kweli kwamba watu wa mteremko huu hawakuwahi kuchangia uhai wa mtu. Wamechanga kwa zaidi ya karne moja, kwa ng'ombe, kwa kahawa, kwa sadaka, kwa simu. Kilichobadilika ni nani anachanga, na jambo kubwa zaidi, ni lini anachanga: kabla mtu hajaugua, au akiwa tayari kitandani.

*

Kirua iko upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, jirani na Kilema. Pamoja na Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, inahesabiwa katika Vunjo, sehemu ambayo zamani ilikuwa na umangi mbalimbali, kila mmoja na mangi wake, yaani mtawala. Maisha yalizunguka kihamba: migomba, baadaye kahawa chini ya kivuli chake, ng'ombe wachache wa kufungia ndani, na makaburi ya wazee humo humo.

Kihamba hakikuishi bila mfongo, mfereji wa asili ulioteremsha maji kutoka kwenye vijito vya msituni. Mfongo hauchimbwi wala hausafishwi na mtu mmoja. Barugumu likilia, watu walitoka kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyefika alitozwa faini, mara nyingi kwa mbege, pombe ya ndizi, au mnyama. Hapo ndipo mchango wa Vunjo ulipojifunza tabia zake tatu: unajulikana na wote, unahesabiwa, na anayeukwepa ana jina.

Nyama nayo ilifundisha hivyo hivyo. Mnyama wa ukoo alipochinjwa, kila ndugu alikuwa na kipande chake kulingana na umri na nafasi yake. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia karne moja ya sheria za kimila za Kilimanjaro, aliona kwamba mgawo huo ulikuwa njia ya ukoo kujihesabu: nani yupo, nani anadaiwa, nani ametengwa. Kulikuwa pia na desturi ya kuwekesha ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa jamaa na marafiki wawafuge; mfugaji akafaidi maziwa na samadi, mwenyewe akabaki na mali iliyotawanyika mbali na macho ya wengi. Shida ilipofika, ng'ombe mmoja aliitwa nyumbani.

Katika mpangilio huo mgonjwa alichangiwa vitu na mikono. Aliletewa maziwa, alipikiwa mtori, shamba lake lilipaliliwa, na akibebwa kwenda kwa mganga alibebwa na watu wengi. Fedha haikuwa na kazi kubwa, kwa sababu hakukuwa na huduma ya fedha nyingi. Kisu cha daktari kilikuwa bado hakijapanda mlima.

*

Kilipanda na wamisionari. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka uliofuata. Kando ya kanisa palikuwa na shule, na kando ya shule palikuwa na chumba cha dawa. Ndiyo asili ya ramani ya hospitali ambayo mkazi wa Kirua anaijua mpaka leo: Kilema ya Wakatoliki, Marangu na Machame za Walutheri.

Misheni zilileta dawa, na zikaleta pia kile ambacho baadaye kingeilipia. Miche ya kahawa ya arabika ilioteshwa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka kihamba kwa kihamba. Mwaka 1925, wakulima wakiongozwa na Joseph Merinyo, na wakiungwa mkono na ofisa wa Kiingereza Charles Dundas, waliunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichonunua kahawa kupitia vyama vya msingi vilivyosogezwa karibu na kila kijiji.

Ushirika ulifanya jambo ambalo daftari la msiba haliwezi: ulikata mapema. Kahawa ilipopimwa, sehemu ya bei haikufika mkononi mwa mkulima. Ushuru wa kahawa ulikwenda kwenye serikali ya Wachagga, na kutoka huko ukarudi vijijini kama shule, barabara na zahanati. Mkulima alinung'unika, wengine walipinga waziwazi, na mwaka 1937 hasira dhidi ya KNCU ilifika mpaka kwenye fujo. Hata hivyo kijana aliyetibiwa kidonda kwenye zahanati ya karibu alikuwa ametibiwa na kilo za kahawa za watu asiowajua. Hakuna aliyeombwa. Hakuna aliyepigwa picha akiwa kitandani.

*

Upasuaji mkubwa ulikuwa jambo jingine. Na hapa mlima unaingia kwenye historia kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1956 madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maungo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikaa chini ya Kilimanjaro wakapanga jinsi ya kuwafikishia wagonjwa wa vijijini huduma ambayo ilikuwa imekwama mijini. Wood alikuwa na shamba Ol Molog, upande wa magharibi wa mlima. Mwaka 1957 mpango huo ukawa huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, yenye makao Nairobi, ambayo leo dunia inaiita AMREF. Fedha zake zilitafutwa Uingereza na Marekani, kwa watu waliotoa bila kutarajia kumwona aliyepona. Huo ulikuwa mchango wa wageni kwa ajili ya kisu, nusu karne kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuomba kwenye simu.

Upande wa Vunjo, kanisa lilikuwa na ndoto yake. Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Kotela na Mwafrika wa kwanza kuliongoza kanisa la Kilutheri la kaskazini, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma wazo la hospitali kubwa ya rufaa chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hospitali hiyo, KCMC iliyoko mjini Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa makanisa na wafadhili wa Ulaya. Mfano wa Msamaria katika Injili ulikuwa umeshajibu swali la bili: alimlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Miaka ya mwanzo ya KCMC ilifanana na ahadi hiyo. Tanzania ilikuwa imeshapitisha Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwaka 1977 sheria ikazuia biashara ya tiba ya kujipatia faida. Na mgonjwa wa Kirua aliyeteremshwa mpaka Moshi hakutarajia kuulizwa fedha kabla ya kuulizwa anaumwa wapi.

Uhaba ulikuwepo. Dawa zilikwisha, uzi wa kushonea ulikosekana, foleni ilikuwa ndefu. Lakini walioubeba uhaba huo walikuwa serikali na kanisa, wala haukuwa wa ukoo wa mgonjwa peke yake.

*

Kisha mambo mawili yakaanguka kwa pamoja.

Julai 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisimamishwa, na bei duniani ikaporomoka. Ilipanda tena kwa muda katikati ya miaka ya 1990, ikashuka vibaya zaidi mwaka 2001. Kwenye mteremko, wengine waliacha mibuni izeeke, wengine waliing'oa kimyakimya wakapanda ndizi na mboga. KNCU yenyewe ilikuwa imeshapitia kuvunjwa, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976 na kurudi baada ya sheria ya mwaka 1982. Kuanzia miaka ya 1990 ikakutana na wanunuzi binafsi.

Na Julai 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za rufaa. Mwaka uliofuata ukafika hospitali za mikoa na wilaya. Neno lililochaguliwa na serikali lilikuwa hilo hilo la kijijini: kuchangia. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wenye magonjwa sugu waliwekwa kwenye msamaha. Na asiye na uwezo kabisa angeweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii na barua ya mtendaji wa kijiji. Karatasini, hakuna maskini angefia mlangoni.

Kwa familia ya Vunjo hesabu ilikuwa ngumu zaidi ya hapo. Mwenye kihamba, nyumba ya bati na mtoto Dar es Salaam si maskini wa kupewa barua. Lakini kahawa yake haimlipii tena mfupa uliovunjika, sembuse uvimbe kwenye ubongo. Bili ilifika wakati ule ule mfuko uliokuwa unakatwa mapema ulipokauka.

Hapo daftari likafunguliwa upya.

*

Miaka ya 1990 na 2000 ilikuwa zama za kadi ya mchango. Harusi ilipata kamati, mwenyekiti, mweka hazina na vikao vya kila Jumamosi kwenye baa. Msiba ulipata bajeti. Ugonjwa ukajaribu kufuata, kwa kusitasita, kwa sababu una aibu ambazo sherehe hazina. Kumwombea mtu michango ya upasuaji ni kusema hadharani kwamba watoto wake hawajafika popote. Ni kutaja ugonjwa ambao pengine mwenyewe anauficha. Na kuna hofu ambayo haitamkwi kwa sauti: fedha ikitolewa na mgonjwa asipone, si imepotea? Ya msiba haipotei kamwe, maana mazishi hufanyika tu.

Kanisa lilisaidia kuipunguza aibu hiyo. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya kichungaji katika miaka ya 1970, zilikuwa zinakutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Ugonjwa wa mwanajumuiya haukuweza kufichika. Kwa Walutheri, mnada baada ya ibada ulikuwa umeshawazoesha watu kununua kuku mmoja mara tatu, kila anayemshinda akimrudisha mezani auzwe tena, mpaka kiasi kitimie. Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, viliongeza kitu kidogo chenye maana kubwa: mfuko wa jamii, sarafu chache zinazowekwa pembeni kila kikao, kwa ajili ya mwanachama atakayeugua au kufiwa. Mfuko ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa unatangulia.

Na upo mchango usiopita kwenye daftari wala simu. Kabla ya upasuaji mkubwa ndugu huulizwa nani atakuja kutoa damu. Wapo vijana wa mteremkoni walioshuka Moshi wakiwa hawana shilingi ya kutoa, wakapandisha mikono ya mashati.

Kwa magonjwa yaliyozidi uwezo wa Moshi, ngazi iliyofuata ilikuwa matajiri na vyombo vya habari. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame aliyemiliki ITV na magazeti kadhaa hadi alipofariki Mei 2019, alijulikana kwa kuwalipia wagonjwa wa moyo safari za India na kwa chakula cha kila mwaka na watu wenye ulemavu. Dar es Salaam, Daktari Rajni Kanabar na klabu ya Lions walikuwa wakiwapeleka India watoto wenye matundu ya moyo kwa miaka mingi. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama kama taasisi mwaka 2015. Kabla ya hapo, familia ya mtoto wa aina hiyo ilikuwa na njia mbili: kupata nafasi kwenye orodha ya serikali, au kupata sura ya mtoto wao kwenye taarifa ya habari.

Sura hiyo ndiyo ikawa sarafu mpya.

*

Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, mchango ulipata miguu. Zamani aliyekuwa Mbeya au Mwanza alimtuma kondakta wa basi na bahasha. Sasa namba moja ya simu ilitosha. Kikundi cha ukoo cha WhatsApp kikawa kikao kisichoahirishwa. Na daftari likahamia humo humo: orodha yenye namba, kila mtu anainakili, anaongeza jina lake na kiasi, anairudisha. Asiye na jina anaonekana kwa kutokuonekana, kama zamani barugumu lilipolia.

Mwaka 2012 nchi nzima ilijifunza kuchangia hivyo kupitia mwigizaji Juma Kilowoko, aliyejulikana kama Sajuki. Mashabiki walituma fedha ili akatibiwe India. Alikwenda, akarudi, akafariki Januari 2, 2013. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Joseph Haule, Professor Jay, msanii wa hip hop na mbunge wa zamani wa Mikumi, ambaye wenzake waliitisha michango alipolazwa Muhimbili akiwa mahututi. Yeye alipona, akawa msemaji wa wagonjwa wa figo. Wote wawili walikuwa na kitu ambacho mkulima wa Kirua hana: walijulikana na watu ambao wao wenyewe hawakuwajua.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 ilianzishwa M-Changa, huduma ya kukusanya michango kwa simu kwa hesabu inayoonekana. Mwaka 2015 mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za mwanafunzi kijana mwenye uvimbe kwenye ubongo aliyehitaji shilingi milioni 1 za Kenya kwenda India. Ndani ya siku chache zilifika zaidi ya milioni 6. Zilizozidi zilifungua mjadala ambao bado haujaisha: wako wangapi wodi hiyo hiyo wasiokuwa na mwandishi?

Tanzania nayo iligundua kwamba barabara ya mchango inaweza kuwekewa kizuizi. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu. Elfu tano ya shangazi kwa ajili ya mgonjwa ikawa inapunguzwa njiani, wakati wa kutumwa na tena wakati wa kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa hata viwango vikashushwa Septemba mwaka huo huo, na vikaendelea kulegezwa.

*

Habari inayofanana zaidi na yanayoonekana kwenye stendi ya mabasi ya Moshi ilitokea mbali sana, Costa Rica. Kijana wa Kimarekani, Chase Adam, aliyekuwa huko akijitolea, alipanda basi lililopita katika mji mdogo uitwao Watsi. Mwanamke mmoja aliingia akiomba fedha za matibabu ya mwanawe, akiwa na karatasi za hospitali mkononi. Abiria walizisoma, wakatoa. Mtu yeyote aliyesafiri na basi la Dar es Salaam amewahi kumwona mama huyo na bahasha yake ya kaki: picha ya eksirei, barua yenye mhuri, sauti inayotetemeka kabla dereva hajawasha injini. Adam aliona kwamba zile karatasi ndizo zilizowafungua watu mikono. Mwaka 2012 alianzisha shirika akalipa jina la mji ule, na mwaka 2013 likawa la kwanza lisilo la faida kupokewa na Y Combinator, kituo cha kulea kampuni changa kule California.

Utaratibu wake ni rahisi. Hospitali mshirika inamtambua mgonjwa ambaye upasuaji utambadilishia maisha na gharama yake inajulikana. Picha na maelezo vinawekwa mtandaoni. Anayetaka anatoa dola 5, mwingine 50, mpaka mstari unaoonyesha kiasi ujae, na fedha yote ya mchangiaji inakwenda kwenye tiba.

Kaskazini mwa Tanzania mfumo huo umegusa hasa watoto wenye miguu iliyopinda. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, na baadhi ya maeneo ya Kilimanjaro, yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu zaidi ya hapo. Ziada hiyo, pamoja na ile ya magadi ya kupikia, hupaka meno rangi ya kahawia na kwa baadhi ya watoto hupinda mifupa ya miguu. Arusha iko nyumba iitwayo Plaster House, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako watoto waliopasuliwa hukaa na bandeji za plasta mpaka mifupa ishike, maana kuwarudisha nyumbani mapema kwenye vumbi na kazi kungeharibu kila kitu. Wengi wao wamelipiwa na watu wa Marekani na Ulaya ambao hawatakanyaga kijijini kwao.

Mlima wenyewe umekuwa bango la michango ya aina hii. Machi 2009 wanamuziki na watangazaji tisa wa Uingereza, miongoni mwao Gary Barlow na Cheryl Cole, walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya Comic Relief, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana kwa vyandarua vya Watanzania. Mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukipandisha watu kila mwaka tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Waliowabebea mizigo kwa kawaida ni vijana wa mteremko huu, ambao nyumbani kwao orodha ya WhatsApp bado inasubiri kutimia.

Na upo ukarimu unaoteremka kwa ndege. Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni Rhotia, Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walisafirishwa kutoka KIA, uwanja wa ndege unaotazamana na kilele cha Kibo, hadi Sioux City, Iowa, ambako madaktari waliwapasua bila malipo. Walirudi Agosti. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki. Mwezi huo huo, kama kila mwezi, wodi za mifupa za kaskazini zilikuwa na vijana wa bodaboda waliosubiri chuma cha kuunganishia paja.

*

Jaribio lililokuwa karibu zaidi na roho ya ushirika lilikuja mwaka 2011. KNCU, kwa kushirikiana na taasisi ya Kiholanzi ya PharmAccess, ilianzisha bima ya afya ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Mkulima alilipa sehemu ndogo, wafadhili wakajazia. Baada ya miongo miwili, kahawa ilikuwa inaulizwa tena kama inaweza kumlipia mgonjwa kabla hajaugua. Mpango ule ulijikita zaidi kwenye huduma za msingi. Uzoefu wake ukaingia kwenye mfuko wa afya ya jamii, CHF, ambao ulikuwa umeanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria mwaka 2001. CHF iliyoboreshwa ilitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kadi yake ilitambulika kutoka zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mpaka ya mkoa, yaani mpaka hospitali ya Mawenzi, Moshi. Kilomita chache mbele iko KCMC, hospitali ya kanda, na hapo kadi ya elfu thelathini iliishia. Aliyehitaji kupasuliwa kitu kikubwa alivuka pengo hilo kwa bima ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kama alikuwa mtumishi au mtegemezi wake, kwa barua ya ustawi wa jamii, au kwa michango. Wazazi wengi walikuwa wamelifunika pengo hilo kwa Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, hadi usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023 kwa maelezo kwamba wazazi walikuwa wanawaandikisha watoto wakishaumwa. Kasoro ilikuwa ya zamani: mchango uliokuja baada ya ugonjwa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mtu achange akiwa mzima.

*

Desemba magari yenye vumbi la Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza hukunja kona kuacha lami ya Himo na kupanda Kirua. Kati ya Krismasi na mwaka mpya mbuzi huchinjwa, mbege humiminwa, na vikao vya ukoo huketi chini ya migomba. Ajenda zinajulikana: saruji ya makaburi, barabara ya kuingia kihambani, ada ya yatima, mpaka wa shamba. Baadhi ya koo zimeongeza mstari mmoja, mfuko wa matibabu, kiasi kidogo cha kila mwezi kwa kila mwenye kipato. Mjadala wake huwa mrefu kuliko wa makaburi. Nani ataamua ugonjwa upi unastahili? Aliyeacha kutuma miezi sita, naye atahudumiwa? Mkwe anahesabiwa?

Januari magari huteremka. Kikundi kinabaki kwenye simu, kimya kwa siku kadhaa, salamu za asubuhi na picha za maua. Kisha kunaingia ujumbe wenye jina la wodi, kiasi kilichotajwa na hospitali, na namba ya mweka hazina. Orodha inaanza kurefuka, mmoja mmoja. Mara nyingi katikati yake kuna jina la bibi asiye na simu janja. Elfu mbili yake imeandikwa na mjukuu, na chini kabisa, baada ya neno "pungufu", tarakimu inabadilika kila mtu anapoongeza jina.